Mstari Mwekundu juu ya Jina la Nellie

Peterborough, Ontario
14 Januari 2009

Ndugu Clifford Sagar,

Pokea salamu kutoka kwa mtu usiyemjua. Naitwa Muriel Dunkeld. Nina miaka themanini na mbili, nilikuwa muuguzi, sikuolewa. Mama yangu alikuwa Nellie Sagar, dada wa baba yako Amos. Kwa hiyo mimi na wewe ni mabinamu, ikiwa barua hii imekufikia. Anwani niliyotumia ni ya zamani. Nimebahatisha tu.

Habari za huku ni theluji. Magoti yangu hayafai, lakini kichwa kinafanya kazi. Ndugu yangu wa pekee, Russell, alifariki Oktoba. Sasa nimebaki mimi, na mambo aliyokuwa akiniambia niyaache hakuna tena wa kuniambia niyaache.

Jambo lenyewe ni hili. Mama aliletwa Kanada mwaka 1906 pamoja na watoto wengine mia moja na kitu wa nyumba za mayatima. Alikuwa na miaka saba. Walimwambia kwamba mama yake, Hannah, amekufa. Akafanya kazi katika shamba la watu wasiomjua mpaka alipoolewa. Alipokuwa mtu mzima alipata sababu ya kuamini kwamba Hannah hakuwa amekufa, bali alimtoa na kumsahau. Tangu hapo hakutaka jina hilo litajwe nyumbani kwetu. Mama alikufa mwaka 1978.

Majira haya ya baridi jiwe la kaburi lake limepasuka kwa barafu. Nimeagiza jipya. Litasimamishwa mwisho wa Mei ardhi ikishalainika, na fundi anataka maneno ifikapo katikati ya mwezi huo. Nataka kuandika Nellie alikuwa binti wa nani. Lakini ikiwa Hannah alimtupa, jina lake halitakaa juu ya mama yangu. Wewe uko huko ziliko kumbukumbu. Nitafutie ukweli.

Wako,
Muriel Dunkeld


Nelson, Lancashire
9 Februari 2009

Binamu yangu Muriel,

Barua yako imefika salama, na mimi niko palepale ilipotumwa. Nimezaliwa katika nyumba hii mwaka 1928, na inaelekea nitatolewa humuhumu nikiwa nimelala. Pole kwa msiba wa Russell. Mke wangu Jessie anakusalimu. Alibadilishwa nyonga mwezi Novemba na sasa anatembea na fimbo, ambayo huitumia zaidi kunionyeshea vitu ambavyo sijavifanya. Watoto wetu wawili wako kusini na hawajambo.

Nilifundisha shule miaka thelathini na minane, kwa hiyo utanivumilia nikieleza mambo taratibu. Watu kama wetu, wafumaji na wachimba mawe, hawakuacha wasia wala picha ukutani. Serikali iliwaandika mara moja kila miaka kumi, kwenye sensa, na mji uliwaandika mara moja zaidi walipozikwa. Kwa hiyo mtu wetu hutafutwa kwa kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, na katikati ni maji tu.

Nilikwenda maktaba. Anayesimamia chumba cha kumbukumbu ni Bi Shaheen Akhtar, ambaye nilimfundisha hesabu alipokuwa na miaka kumi.

"Mwalimu Sagar!" akasema. "Umekuja kuniuliza jedwali la saba? Maana bado silijui."

"Ndiyo maana wamekuweka kwenye vitabu," nikamwambia.

"Na wewe ndiyo maana wamekustaafisha. Keti. Unamtafuta nani?"

Katika sensa ya 1901 tuliwapata katika mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha nguo: Job Sagar, miaka ishirini na saba, mchimba mawe, Hannah, mkewe, ishirini na mitano, mfumaji, Nellie, binti, miaka miwili, na mpangaji mmoja, Enoch Whitham, miaka sitini, asiyekuwa na kazi. Baba yangu Amos alikuwa bado hajazaliwa. Alizaliwa kiangazi cha mwaka huohuo.

Kisha tukafungua daftari la maziko la mji. Job alizikwa Agosti 1905, miaka thelathini na mmoja. Jiwe lilimwangukia machimboni, hilo nililisikia utotoni. Na humohumo, miezi mitatu mbele, nimekuta hivi: Hannah Sagar, amezikwa tarehe 16 Novemba 1905.

Basi, Muriel, mama yako aliambiwa kweli. Alipopandishwa meli mwaka 1906, mama yake alikuwa tayari yuko udongoni. Hakutupwa na mtu. Unaweza kumwambia fundi wako achonge bila wasiwasi.

Baba yangu hakuwa na mazoea ya kuzungumza juu ya dada yake, kwa hiyo upande huo sina la kuongeza.

Jifunike vizuri na hiyo theluji.

Binamu yako,
Clifford


Peterborough
3 Machi 2009

Clifford,

Nashukuru kwa jibu, na mpe pole Jessie kwa nyonga yake. Mwambie asiache mazoezi hata kama yanauma. Wagonjwa wangu waliokuwa wakilalamika sana ndio waliopona haraka. Huku bado tumefungiwa na theluji. Jirani ananipitishia mkate na kunisimulia magonjwa yake, nami nalipia mkate kwa kusikiliza.

Nimesoma barua yako mara nne. Umeniandikia umri wa Job. Umeniandikia umri wa Nellie. Umeniandikia hata umri wa yule mpangaji, ambaye si ndugu yetu wala hatanisaidia lolote. Lakini Hannah aliyezikwa Novemba hukumwandikia umri. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minane?

Tena kuna hili. Mama alizaliwa Machi 1899. Alikumbuka mambo machache sana ya Nelson, lakini moja hakulisahau mpaka kufa: wiki moja baada ya kutimiza miaka saba, mama yake alipiga goti katika kituo cha treni akamfunga kamba za viatu, akazifunga mara mbili, akasema, "Hizo zitafika." Mwanamke aliyezikwa Novemba 1905 hafungi viatu vya mtu Machi 1906.

Sitaki kufarijiwa, Clifford. Nimewafariji watu kwa kazi, najua inavyofanywa. Nataka kujua kama alimsahau.

Muriel


Peterborough
20 Aprili 2009

Clifford,

Natumaini u mzima, na Jessie pia. Theluji imeisha, imebaki tope.

Wiki saba sasa. Fundi amenipigia simu. Nimemwambia angoje.

Muriel


Nelson
6 Mei 2009

Binamu yangu Muriel,

Mimi ni mzima. Jessie ni mzima, na mwezi huu tunatimiza miaka hamsini na mitano ya ndoa. Mwanangu wa kwanza amepata mjukuu, jina wamempa Edwin. Bustanini viazi vimeota. Nimekuandikia haya kwanza kwa sababu ndivyo barua inavyoandikwa, lakini pia, nakiri, kwa sababu yanayofuata ni mazito kwangu.

Hannah aliyezikwa Novemba 1905 alikuwa na miaka hamsini na minane. Niliiona namba hiyo kwa macho yangu. Hannah wetu alikuwa na thelathini. Bi Shaheen alininong'oneza palepale, "Mwalimu, huyu si wako, amepishana na wako karibu miaka thelathini." Nikamwambia ninajua. Nikakuandikia hata hivyo.

Barua yako ya Machi ilikaa kwenye meza ya jikoni mpaka Jessie akachoka kupanga sahani pembeni yake. "Mzee," akaniambia, "umeiatamia hiyo barua kama kuku. Ama ianguliwe, ama niipike." Nikarudi maktaba.

Nieleze kidogo. Katika sensa za zamani, karani alikusanya fomu za nyumba zote, akazinakili katika kitabu chake, na fomu zenyewe zikatupwa. Kwa hiyo unachosoma ni mkono wa karani. Mwaka 1911 walibadili: zilihifadhiwa fomu zilezile ambazo mkuu wa nyumba alizijaza kwa mkono wake. Hizo zimefunguliwa kwa umma Januari hii, mwezi uleule ulioniandikia.

Bi Shaheen aliandika jina kwenye kompyuta, na karatasi ikatokea kwenye kioo. Muriel, sikuwahi kuuona mwandiko wa bibi yangu. Ni mwandiko wa mtu aliyefundishwa Jumapili kanisani na hakuwa na muda siku nyingine: herufi kubwa, zimesimama, zimekandamizwa.

Mstari wa kwanza: Hannah Sagar, mkuu wa nyumba, mjane, miaka thelathini na mitano, mfumaji. Wa pili: Amos, mwana, miaka tisa, yuko shule. Wa tatu: Nellie, binti, miaka kumi na miwili. Na mahali pa kazi ameandika: yuko Kanada.

Agizo lililochapwa juu ya fomu lilikuwa wazi: waandikwe tu waliolala nyumbani usiku ule. Nellie alikuwa hajalala nyumba ile miaka mitano. Karani akachukua wino mwekundu akapiga mstari juu ya jina lake, kwa rula, kama ilivyokuwa kazi yake.

Kuna mstari mwekundu wa pili. Fomu ile iliwauliza wanawake walio katika ndoa: umezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamekufa? Wajane hawakuulizwa. Lakini wajane wengi wa hapa walijibu tu. Nadhani mtu akikuuliza kuhusu watoto wako huwezi kukaa kimya kwa sababu mumeo amekufa. Hannah alijibu: amezaa wawili, hai wawili, waliokufa hakuna. Hapo pia karani akafuta.

Bi Shaheen alikuwa na utani wake tayari, nilimwona. Akaumeza. "Walimfuta mara mbili," akasema, "na bado anasomeka." Akatoka kwenda kutafuta leso, akaniletea na mimi moja.

Sasa nikwambie kisichojulikana. Sijui kilichotokea Machi 1906. Sina karatasi ya ile nyumba ya mayatima. Hannah alikuwa amefiwa na mume miezi saba, akiwa na watoto wawili wa kulea, na kazi ya kiwandani tangu saa kumi na mbili asubuhi. Labda alimpeleka kwa muda tu. Labda alitia sahihi asichokisoma vizuri. Labda alikisoma. Siwezi kuapa. Ninaloweza kuapa ni kwamba miaka mitano baadaye, alipoulizwa na serikali nyumba yake ina nani, alimhesabu.

Alikufa Februari 1923, miaka arobaini na saba. Hapo ndipo inapoingia aibu ya nyumba yetu. Viwanda vilikuwa vimesimama, baba hakuwa na kazi, na akamzika katika kaburi la pamoja. Kwa watu wetu hakukuwa na aibu kubwa kuliko hiyo. Ni shimo refu linalochimbwa na mji, watu wasiojuana wanalala jeneza juu ya jeneza, na hairuhusiwi jiwe. Watu walijinyima chakula ili wasizikwe hivyo. Baba aliishi miaka hamsini baada ya hapo na hakupita barabara ya makaburini hata mara moja. Tulizunguka.

Na sasa langu. Umesema mama yako "alipata sababu ya kuamini". Sababu hiyo ni mimi.

Mwaka 1951 ilikuja barua kutoka Kanada. Baba aliisoma akiwa amesimama, kwa kidole, kwa sababu tangu miaka kumi na miwili alikuwa nusu siku shuleni na nusu siku kiwandani, na hakuwahi kuizoea kalamu. Barua zote za nyumba niliziandika mimi. Dada yake alikuwa anauliza mama yao amezikwa wapi, apate kumwekea jiwe.

"Chukua kalamu," baba akasema. "Andika: hatumjui mtu wa jina hilo."

"Baba, si ndiye dada yako?"

"Nimesema andika."

"Anauliza kaburi tu."

"Hilo ndilo analouliza!" akapiga meza. "Nimwonyeshe nini? Shimo? Miaka yote ile nilikuwepo mimi, nalala chumba kimoja na yule mama, na kila siku ilikuwa Nellie, Nellie. Halafu aje aone nilikomweka? Andika."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu, mtu wa kura na magazeti. Ningeweza kuiweka kalamu chini. Niliandika, tena kwa mwandiko mzuri. Na Februari hii, nilipokuandikia Hannah asiye wetu, nilifanya jambo lilelile mara ya pili, bila ya mtu kunipigia meza.

Sikuombi kitu. Nakala ya fomu ya sensa iko ndani ya bahasha hii. Isome wewe mwenyewe, usitegemee maneno yangu.

Clifford


Peterborough
2 Juni 2009

Clifford,

Hongereni kwa miaka hamsini na mitano, na kwa Edwin. Magoti yangu yanapenda joto hili. Nimeweza kwenda makaburini kwa miguu yangu.

Ile barua ya 1951 ninayo. Ninayo tangu mama alipokufa. Ilikuwa chini ya shuka za wageni, imekunjwa ndogo. Mama aliielewa hivi: kama nyumba ya kina Sagar haimjui, basi Hannah aliendelea kuishi na hakumtaja kwa mtu. Anwani yako niliitoa humo, sikubahatisha, na jina la anayeishi hapo nililipata katika kitabu cha simu. Na jibu lako la Februari lilipofika niliziweka mbili pamoja mezani. Mkono wako haujabadilika miaka hamsini na minane. Kwa hiyo nilijua. Nilikuwa nakusubiri nione kama utasema. Hilo nalo si jambo zuri la kumfanyia mzee, na nimelifanya miezi minne.

Russell alikuwa akiniambia, "Muriel, ichome." Mama mwenyewe hakuichoma, ndiyo maana nami sikuweza.

Fomu niliisoma kwa kioo cha kukuzia. Nilitazama "yuko Kanada" kwa muda mrefu. Mama aliishi miaka sabini na miwili katika nchi hii akidhani hakuna mtu duniani anayejua yuko wapi.

Nikampigia fundi, kijana wa miaka sitini hivi. Akaniambia, "Bibi, maneno yamekuwa mengi. Jiwe halivutiki. Kipi kitoke?"

"Toa 'mke mpendwa'," nikamwambia.

"Eh, Bibi! Mzee hatakasirika?"

"Baba ana jiwe lake, na yeye alipendwa vya kutosha. Toa."

Limesimama tangu Alhamisi. Limeandikwa: Nellie Dunkeld, 1899 hadi 1978, binti wa Hannah Sagar wa Nelson. Ni herufi rahisi. Zimekaa vizuri.

Kuhusu wewe. Nimejaribu kuandika kwamba nimekusamehe na kalamu haikutaka. Labda ni kwa sababu si mimi uliyeniandikia. Mimi siwezi kutia sahihi kwa niaba yake. Mama aliuliza swali, na swali hilo halijajibiwa. Mjibu yeye. Mwandikie kama ulivyopaswa kumwandikia siku ile. Utume kwangu, nami nitakwenda kumsomea. Nikishamsomea, mimi na wewe tutaona tumebaki na nini.

Muriel


Nelson, Lancashire
21 Juni 2009

Shangazi Nellie,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta katika utulivu. Sisi huku hatujambo. Mdogo wako Amos alifariki mwaka 1973, kifua. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma mpaka kiwanda kilipofungwa, na alikuwa na sauti nzuri kanisani. Alimwoa Edith Holgate, wakanizaa mimi peke yangu.

Umeuliza mama yako amezikwa wapi. Amezikwa katika makaburi ya mji, upande wa juu. Ukiingia kwa lango la mashariki, fuata ukuta wa mawe mkono wa kushoto mpaka unapoanza kuteremka. Hapo kuna uwanja wa nyasi usio na mawe. Kaburi lake ni la tisa kutoka ukutani, katika safu ya tatu. Karani wa makaburi alinipimia kwa hatua, nami nimezihesabu mara mbili. Amelala na watu wengine kumi. Majina yao nimeyanakili yote, ili ujue yuko na nani. Jiwe haliruhusiwi. Nyasi zinakatwa vizuri, na kutoka pale unaona kilima na machimbo alikofanya kazi baba yako.

Alizikwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Februari 1923. Amos alikuwepo.

Jana nilikwenda na Jessie. Nilisimama pale nikamwambia mama yako kwamba uliuliza habari zake.

Barua yako ilitufikia, Shangazi. Ilifika salama, na tulikuwa tunakujua.

Mimi, mtoto wa mdogo wako,
Clifford Sagar